Matamvua

Mwaka wa kwanza nilisoma kama mtu anayelipa deni:
ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kalamu ya njano ikipita kila mstari
mpaka kitabu kizima kikawa cha njano
na hapakuwa na kilichoonekana.
Nikafeli baiolojia.

Mwaka wa pili nikasoma kwa sauti.
Usiku, chumba cha Mabatini,
kuta tatu za tofali na wa nne jiwe la mlima
(fundi alisema, jiwe lipo, la nini kujenga?)
nikapayuka hadi jirani akagonga bati:
"We Mhoja, hayo maneno yanakwenda wapi?"
Sikujua. Yalinitoka kinywani
yakapanda mawe, yakateremkia upande wa pili.
Lakini niseme kweli, sauti iliniachia kitu.
Macho yalizoea kuruka maneno magumu
kama mtu anavyoruka mfereji;
mdomo hauruki, mdomo hujikwaa,
na kila ulipojikwaa niliweka msalaba.
Misalaba mia na kumi na moja.
Nikafeli tena, ila safari hii nilijua wapi.

Mchana naandika uzito Mwaloni:
gunia la dagaa, jina, kilo, sahihi.
Magesa wa mizani haisomi orodha toka juu.
Huanzia chini, kwenye jumla,
kisha anapanda taratibu kuutafuta uongo.
Nikamwiga. Nikaanza na maswali ya mwisho wa sura,
nikaingia ndani na njaa ya kitu kimoja,
na sura iliyokuwa ikinila wiki
ikatoa jibu kabla chai haijapoa.
Tatizo, jibu la haraka ni kama dagaa wa masika:
usipowageuza, asubuhi wananuka.

Aliyenigeuza ni Nkwimba.
Si mwalimu. Aliishia darasa la nne,
ana deni la chumvi na ulimi usiosubiri.
Alikuwa akipaa samaki, mimi nimeinamia kitabu.
"Hicho Kiingereza kinasema nini?"
Nikamsomea.
"Sikukuomba usome. Funga. Niambie."

Nikafunga.
Ukurasa nilioupitia mara kumi,
na sikuwa na hata sentensi ya kumpa,
kama mteja aliyepapasa mfuko mbele ya muuzaji
akakuta leso.

"Ni... samaki anavyopumua."
"Anapumuaje?"
Nikafungua, nikatazama mstari, nikafunga.
"Maji yanaingia mdomoni, yanatokea ubavuni mwa kichwa."
"Na hewa inabaki wapi?"
Nikafungua tena.
Jioni nzima, funga, fungua,
kitabu kikihema mapajani
kama shavu la sato.

Neno moja lilinishinda kwa lugha zote,
Kisukuma changu kikiwamo.
Nkwimba akavuta samaki, akaingiza kidole gumba,
akafunua: nyuzi nyekundu, tabaka juu ya tabaka,
kurasa zilizolowa.
"Si haya hapa? Matamvua.
Yakiwa mekundu, samaki mbichi. Yakipauka, usinunue."
Miaka ishirini anasoma hapo kila alfajiri
na hajawahi kujiita msomaji.

Matokeo ya safari hii bado.
Sijui.
Ila juzi alinawa mkono mmoja, akanyoosha mwingine:
"Lete. Lipi kati ya haya ndilo matamvua?"
Nikamwonyesha. Herufi tano za wageni.
Akaziwekea kidole, akazitazama kwa muda
kama anayekadiria kilo kwa macho,
akanirudishia kitabu na doa la chumvi na mafuta.

Doa limekauka pale pale.
Nikifika ukurasa ule
siitafuti kalamu ya njano.